Kwa Suleiman, Aliyempanda Shihab

Suleiman, mdogo wangu,

Jina lako wamelikosea. Nimeliona kwa macho yangu. Pale kwenye lango la uwanja wa mbio, Maskati, wameutoa ule ubao wa zamani wa rangi na kuweka jiwe jeupe, na juu ya jiwe wamewachonga mabingwa wote wa mbio kubwa, mwaka kwa mwaka: farasi, mwenye farasi, na safari hii na mpanda farasi pia. Mwaka wako upo. Shihab kaandikwa sawasawa. Ami Hamed kaandikwa sawasawa, na jina la baba yake, na la babu yake, na kabila. Kisha mwisho wa mstari, kwa herufi ndogo: Salim. Salim tu. Sijui wamemtoa wapi.

Nilimwendea karani. Kijana mstaarabu, akanipa kiti na maji baridi. Nikamwambia aliyempanda Shihab mwaka ule hakuwa Salim, alikuwa Suleiman, ndugu yangu, tumbo moja. Akapekua daftari lake, akasema, "Mama, mwenye farasi ndiye anayeweza kuomba jina lisahihishwe. Mlete mwenye farasi." Nikamshukuru, nikaondoka. Mwenye farasi siwezi kumpeleka popote siku hizi. Khabari zake nitakueleza, ndizo khasa zilizonikalisha kuandika. Lakini wacha nianze tangu mwanzo, maana nikianza na ya mwisho nitajitetea, na sikukaa hapa kujitetea.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu tulipofika Ibra, huku bara ya Maskati, kutoka Unguja. Mimi ishirini na mbili. Baba alikufa mwaka wa mapinduzi, Mama hakukaa sana nyuma yake, na miaka yote ile nilikulea kwa kushona nguo za watu pale Kikwajuni. Nilipokuwa na nyama nilikupa wewe nikasema mimi nimeshakula. Nakukumbusha hili si kwa kukusimbulia. Nakukumbusha kwa sababu mwenyewe nimeshindwa kuelewa vipi mkono uleule ulikuja kufanya uliyoyafanya.

Ami Hamed, mdogo wake Baba, ndiye aliyetupokea. Alipata kukaa Unguja miaka michache ujanani mwake, na Kiswahili alichorudi nacho kilikuwa cha kuamrisha tu: lete, ondoa, haraka. Alikuwa ameshajenga nyumba mpya ya matofali karibu na barabara kuu, akatuweka kwenye ile ya udongo, upande wa mitende. "Kaeni hapa," alisema, "mpaka nitakapoamua vingine." Wewe ulicheka, ukakimbilia mferejini kunawa uso. Mimi yale maneno nililala nayo na nikaamka nayo miaka yote. Hata nilipoolewa Nizwa nilikwenda nayo, na mume aliponirejesha na mtoto mchanga mkononi, jambo la kwanza nililomuuliza Ami si shikamoo, nilimuuliza kama chumba changu bado kipo.

Unakumbuka walivyokucheka skuli, kwa Kiarabu chako cha chuoni, cha kusomea Kurani? Walikuita Zinjibari, ukarudi nyumbani ukaniuliza, "Dada, kule tulikuwa Waarabu, huku tumekuwa nani?" Tulipokwenda kuomba paspoti walitaka tulete wazee wawili waape kwamba wanatujua sisi ni kina nani. Ami aliapa, kisha akatukumbusha kiapo chake kila Idi.

Farasi hukuwahi kumpanda. Ulichokijua ni punda wa muuza maji pale Kikwajuni, uliyekuwa ukimkimbiza mpaka mwenyewe akaja kukushtaki kwangu. Kisha ikaja Idi ya kwanza, tukawaona watu wa Ibra wanavyokimbiza farasi wao wawili wawili kwenye mchanga wa bonde, wapanda farasi wameshikana mabega, farasi wanakwenda kama mnyama mmoja. Ulisimama kinywa wazi. Siku ya pili yake ulikuwa zizini kwa Ami, unamsaidia Murad, saisi wake, mtunza farasi, yule Mbaluchi mfupi aliyekuwa akizungumza na farasi kuliko watu. Mwaka haukupita akakupandisha. Mimi aliniambia, "Bibi, huyu mkono wake mwepesi. Farasi hausikii." Niliona fakhari kama niliyeambiwa umehitimu.

Na kweli ulikuwa mwepesi. Ulimaliza skuli, ukapata kazi ya kuendesha gari la maji la serikali, na kila alasiri zizini. Wembamba wako ulikuwa wa maumbile, hukuutafuta.

Kisha Ami akamleta Shihab.

Nakumbuka siku aliposhushwa kwenye gari, mwekundu wa kahawa, miguu mirefu kama si ya nchi hii. Ibra nzima ilikuja kumtizama. Farasi wetu ni wafupi wa Kiarabu, wavumilivu, wa kwenda mbali. Huyu alikuwa wa Kiingereza, wale wa mbio tupu, ambao hawazai ila kwa karatasi. Na karatasi alishuka nazo: baba yake, babu yake, babu wa babu yake, wote na mashindano waliyoshinda. Ulinisomea ile karatasi mstari kwa mstari, kisha ukasema, "Huyu hahitaji wazee wawili wa kumshuhudia." Tulicheka mpaka Ami akageuka kututizama.

Ami hakumnunua kwa ajili ya Ibra. Alimnunua kwa mbio kubwa. Kila msimu wa baridi, Maskati, mzunguko mmoja wa uwanja, farasi bora wa nchi na wa nchi jirani, mbele ya wakubwa wote. Anayeshinda mbio nyingine amepata kikombe. Anayeshinda ile amepata jina, na matajiri wapya wa wakati ule, waliojenga barabara na skuli na hospitali, walikuwa na kila kitu isipokuwa hilo. Ulikuwa unajua washindi wote kwa kichwa. Ulimfundisha Asya wangu kuwahesabu kama anavyohesabu vidole: Falak, Falak tena, Najma, Dhib. Asya alikuwa na miaka minne, Kiswahili chake kishaanza kuharibika na Kiarabu cha majirani. Akimaliza alisema, "Na sasa farasi yetu." Ukimsahihisha, farasi wetu, alirudia vilevile.

Mpanda farasi aliyekodiwa alishikwa na homa wiki moja kabla ya mbio. Murad akamwambia Ami, mpandishe Suleiman, na Ami hakuwa na mwingine. Nilikuwa ndani ya gari pembeni ya uwanja, mimi na Asya na wake wa watu wengine, vioo nusu. Sikuona vizuri. Niliona vumbi, nikaona wekundu wa Shihab umetoka nje ya vumbi, na juu yake kitu kidogo kimelala shingoni kama kimeshonwa pale. Mke wa mtu akauliza, "Nani yule?" Nikasema, "Mwanangu." Ndilo neno lililonitoka.

Ulishinda. Ami alimbusu Shihab kwenye paji, akammwagia maji ya waridi kuanzia masikioni. Wewe alikupa saa ya mkono. Katika picha waliyopiga umekatwa, umebaki mguu na kikuku cha tandiko. Hukujali. Njia nzima ya kurudi Ibra uliimba, na Asya akaongeza jina kwenye hesabu yake.

Ningependa barua iishie hapo.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wako wa raha, na raha ilikunenepesha. Uliposa Sur, kwa watu tuliokuwa nao jirani Unguja, na kila ulipokwenda kuwaona mama yule alikulisha wali wa nazi na samaki mpaka ukarudi unapumua kwa shida. Mashavu yakakujaa. Nilifurahi, nilikuona umefanana na Baba. Ami alikuona akaona kitu kingine. Wiki tatu kabla ya mbio alikuja nyumbani, akakutizama kama anavyomtizama mbuzi sokoni, akasema, "Tumbo hili la Unguja litashuka." Mbio zile farasi wote walibeba uzito mmoja, na wewe ulizidi kilo saba. Angeweza kukodi mtu. Lakini Shihab kwa mtu mwingine alikuwa akirusha kichwa na kwenda upande, na Ami alitaka kushinda mara mbili mfululizo, kama mwenye Falak.

Ulikubali. Hilo najua. Uliniambia, "Dada, wiki tatu tu, si mwezi wa Ramadhani." Lakini hujui kwa nini mimi nilikubali, na hili ndilo ninalokwambia leo kwa mara ya kwanza.

Siku ileile ulipokwenda zizini, Ami alibaki ukumbini. Akanipa ufunguo wa stoo ya chakula, ule wa kufuli mpya aliyoitia asubuhi. Akasema, "Wewe anakutii. Asile ila nilichosema mimi. Shihab akishinda tena, nyumba hii naiandika jina lako, Zuwena."

Jina langu. Sikuuliza na Suleiman je. Nilishika ufunguo, nikasema, "Inshallah, Ami." Wewe uliishi wiki tatu zile ukidhani namuogopa Ami, ukanionea huruma. Mara moja ulinishika bega ukasema, "Usijisumbue Dada, najua wewe huna njia." Nilikuwa nayo njia. Niliitaka nyumba.

Kila alfajiri baada ya sala nilikusimamisha juu ya mizani ya kupimia magunia ya tende, umevaa shuka tu, na nikasoma namba kwa sauti. Asubuhi kikombe cha chai bila sukari. Mchana yai moja. Jioni kipande cha samaki kama kiganja cha Asya. Wiki ya pili namba ilikataa kushuka, Ami akaleta dawa yake mwenyewe. Akakuvisha makoti mawili ya sufu, akakuingiza ndani ya gari lake, akafunga vioo, na gari likaachwa juani saa sita ya mchana. Mimi nilikaa chini ya mtende na saa mkononi. Saa yako, ile ya zawadi, ulinipa nikushikie. Ulikuwa ukigonga kioo kwa vidole, polepole, si kwa khasira, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu. Nikakuonyesha vidole: bado kumi. Kisha nikakuonyesha: bado tano. Ulipofunguliwa ulianguka kwa magoti na mvuke ukakutoka kichwani, na Ami akasema, "Umeona? Inawezekana."

Murad alikuja kwangu siku mbili kabla ya safari. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Bibi, mikono inamtetemeka. Farasi anasikia sasa." Nikamwambia amwambie mwenye farasi. Akasema ameshamwambia, ameshamwambia huyu mtu hawezi kushika hatamu, na Ami amemjibu, "Farasi anaijua njia."

Sasa la mkate. Asya ana miaka kumi na mitatu leo na nilidhani kasahau.

Ilikuwa asubuhi ya kuondoka kwenda Maskati. Nilikuwa nimeoka mkate wa mofa kwa ajili ya watu wa safari. Wewe ulikuwa umekaa barazani, mgongo ukutani, midomo imepasuka. Uliniambia, "Dada, nipe pembe tu. Pembe ya mkate, nitaitafuna niiteme." Nikasema, "Baada ya mbio." Nikaingia ndani. Nilipotoka Asya alikuwa mbele yako, kalikunja pindo la kanzu yake, na ndani yake mkate mzima. Mkononi mwako kulikuwa na kipande, na kingine umeshakitia kinywani. Nilikinyang'anya cha mkononi. Kisha nikakushika taya, Suleiman, kama tunavyomshika mtoto aliyemeza shilingi, nikakitoa na cha kinywani kwa kidole changu. Asya nilimpiga kofi. Ulinitizama, macho yamekuwa makubwa kwa kukonda kwa uso, kisha ukanisaidia kumbembeleza Asya asilie.

Ile ndiyo mara ya mwisho kukugusa ukiwa mzima.

Kwenye mizani ya uwanja ulipita, na gramu zikabaki. Ami alikupiga mgongoni, akanitizama mimi ndani ya gari, akatikisa kichwa kuniridhia. Nilijisikia vizuri, Mungu anajua. Nilikuwa nimeshaamua chumba gani nitakipaka rangi.

Mlitoka vizuri. Nusu ya mzunguko ulikuwa mbele. Kwenye kona ya mwisho, upande wetu kabisa, nilikuona unainama kulia, polepole, kama mtu anayesinzia garini. Nilisema, hapo anampunguzia upepo. Kisha hatamu zikakutoka mkononi. Hukushtuka, hukujaribu kushika nywele za shingo wala shingo yenyewe. Ulimwagika tu. Waliokuwa nyuma yako walikuwa farasi tisa.

Shihab hakusimama. Alikata kona, akanyoosha, akafika wa kwanza na tandiko tupu, na huko mwisho, waliokuwa mbali, walipiga makofi kwa sababu hawakuona. Aliijua njia.

Nilitoka garini. Sijui buibui lilibaki wapi. Nilipita chini ya uzio, na mbele yangu alikuwa Ami anakimbia, mzee yule, kanzu kaikamata kwa mikono miwili. Nikadhani anakimbilia kwako. Alikupita. Alikupita kwa hatua mbili, akaenda kwa Shihab, na nilimsikia anapiga kelele kwa Kiarabu, "Mguu wake. Tizameni mguu wake wa mbele."

Murad ndiye aliyekuwa amekaa kwenye mchanga na kichwa chako mapajani. Ulikuwa unajitambua. Uliniona. Ukasema kwa Kiswahili, "Dada, maji." Nilikuwa sina, nikamwomba mtu, akaleta chupa. Daktari alikuwa ameshafika, akasema usimpe, ana majeraha ndani, usimpe hata tone. Ukasema tena, "Dada." Nami nikakitia kifuniko chupani nikakifunga. Daktari alikuwa na haki, nimeuliza wengine baadaye wakasema alikuwa na haki. Lakini katika gari la wagonjwa uliniomba mara nne, nimehesabu, na mara nne nilikwambia baada kidogo, na kabla hatujafika hospitali ukaacha kuomba.

Daktari aliniuliza, "Huyu mtu alikuwa mkavu kabla hajaanguka. Amekaa siku ngapi bila kula?" Nikamwambia sijui. Nikasema mimi ni dada yake tu.

Tulikuzika Ibra, kwa watu wa Baba, jiwe kichwani, jiwe miguuni, bila jina, kama ilivyo desturi. Siku ya tatu ya matanga Ami aliniita pembeni. Alikuwa analia, simsingizii, machozi ya kweli. Akanipa bahasha. "Farasi alifika wa kwanza," alisema. "Neno langu ni neno." Ndani yake karatasi ya nyumba, jina langu limepigwa muhuri.

Ningeweza kuichana pale. Nimeshaichana mara nyingi usingizini. Nilisema, "Ahsante, Ami," nikaitia kifuani, nikarudi kwa wanawake waliokuwa wakikusomea.

Umeme umeingia, tuna televisheni ya rangi, barabara ya Sur imetiwa lami. Mchumba wako aliolewa mwaka wa pili, ana watoto watatu, kanenepa kama mama yake. Murad aliondoka siku ya arubaini yako bila kuaga, watu wanasema yuko Firq kwenye karakana, hataki kusikia farasi. Shihab alipona mguu. Alishinda mbio kubwa mara mbili zaidi na mpanda farasi wa kukodi, akapumzishwa vizuri, akafa kwenye kivuli. Mimi nimeipaka nyumba rangi. Kile chumba ni cha kijani.

Sasa khabari za mwenye farasi.

Mwaka jana, Ami alianguka msikitini. Upande mmoja umekufa, na ulimi umekufa kabisa. Wanawe wako Maskati, wana nyumba kubwa na wake wasiopenda harufu ya wagonjwa. Walinijia wote watatu wamevaa vizuri, wakasema mzee kazoea Ibra, kazoea nyumba yake ya zamani, na wewe Zuwena ni damu yake. Nikakubali. Walidhani ni wema. Yuko chumba cha kijani, Suleiman. Mkono uliosalimika unanyooka, lakini hauwezi kushika kijiko. Hali ila kwa mkono wangu.

Mwanzo nilimlisha kama mgonjwa yeyote. Kisha siku moja nilichelewa na uji, bila kukusudia, na nilipoingia niliona macho yake yanavyokifuata kile kibakuli. Siku ya pili yake nilichelewa kwa kukusudia. Nikaona nimeanza kuzingoja zile saa. Nikapunguza. Kikombe kikawa nusu kikombe, samaki akawa kama kiganja cha mtoto. Mashavu yake yalikuwa yakiingia ndani, na kila asubuhi nilikuwa nikimtizama nikisema moyoni, inawezekana.

Jumatano moja niliweka sahani ya wali na nyama juu ya meza, mbele ya macho yake, mahali mkono wake mzima haufiki. Nikavaa, nikaenda soko la wanawake. Sikununua kitu. Nilizunguka, nikaongea, nikanywa kahawa kwa watu mpaka alasiri.

Niliporudi Asya alikuwa ametoka skuli mapema. Alikuwa amepanda kitandani kwa Ami, kamuegemeza kifuani, anamlisha kwa vidole, tonge ndogo ndogo, anamfuta kidevu kwa ncha ya mtandio. Ami alikuwa akilia bila sauti. Asya hakugeuka. Akasema, "Mama, hata huyu?"

Nilijua hapo hapo kwamba hakusahau. Miaka yote minane alikuwa nayo.

Nikakaa chini sakafuni nikamwambia. Yote, mbele ya Ami, ambaye masikio yake ni mazima. Ufunguo, nyumba, gari, kinywa chako na kidole changu. Nilidhani nikisema nitapata nafuu, na kwamba mtoto akiona mama yake analia atamshika. Asya alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kumlisha. Alipomaliza aliosha sahani, akaniambia kwa Kiarabu, kwa adabu kabisa, kwamba anataka kwenda kukaa Sur kwa shangazi yetu, dada yake Baba aliyeolewa huko, asome huko. Hazungumzi nami Kiswahili tena. Ijumaa ilipofika nilimtafutia gari. Aliubusu mkono wa Ami, akaubusu na wangu, kwa sababu nimemlea vizuri, akapanda mbele na dereva hakusubiri.

Imepita miezi miwili. Tumebaki mimi na yeye, Suleiman, kwenye nyumba hii yangu. Hatuna wa kumdanganya. Asubuhi nikiingia ananitizama na mimi namtizama, na wote wawili tunajua tumekufanya nini, na hakuna mwingine duniani anayejua kama sisi. Nimekuja kuona kwamba mtu niliye karibu naye kuliko wote sasa ni huyu.

Sikuombi msamaha. Ningejua uko mahali unaweza kukataa ningeuomba. Nakuaga, mdogo wangu, mtoto niliyemlea, na naogopa kuandika mwanangu mara ya pili.

Ahadi yangu ni hii, na ni ndogo. Wanawe wananipigia simu wanasema mzee amechoka, wewe pia umechoka, tumuombee Mungu ampumzishe. Mimi siombi hivyo. Nitampikia asubuhi, mchana na jioni, kibakuli kizima, nyama nimsagie laini, na nitakaa mbele yake mpaka amalize. Akikataa nitangoja. Daktari anasema moyo wake ni mzima, akitunzwa hivi ana miaka mingi mbele. Nitahakikisha anaifikia yote, na mimi nipo naye.

Dada yako,
Zuwena